Neno Linalotangulia Baridi

Mwalimu Mwasomola alivaa makoti mawili
na alikuwa na kipande kimoja cha chaki.
Akaandika *cold*, akalitazama,
kisha kushoto kwake, kwa herufi kubwa, *very*.
"Kwa Waingereza," akasema, mvuke ukimtoka mdomoni,
"mpiga baragumu hutangulia, chifu anafuata.
Sisi huku chifu hupita kwanza,
ndipo tunashtuka: kumbe, sana!"

Tulicheka. Ilikuwa Juni, Isongole,
ukungu umeingia darasani bila kubisha hodi
ukakaa dawati la nyuma na akina Gwamaka.

Tulijaribu kumpa vya kwetu.
Nyeupe pe, je, mwalimu? Nyeusi ti?
Amelowa chepechepe, giza totoro, amelala fofofo?
Akapekua kamusi iliyobanduka jalada,
akaifunga. "*Very*," akasema. "Yote hayo ni *very*."
Tukamwonea huruma Mwingereza,
anayelowa kwa neno lilelile analokaukia.

Kisha akatuonya juu ya *too*.
"Hili si ndugu yake *very*. Hili lina lawama.
Chai ikiwa tamu sana, utaomba kikombe cha pili.
Ikiwa tamu mno, utaimwaga."
Mno, akaandika. Kupita kiasi.
Akapiga mstari chini yake, chaki ikakatika.

Mimi, Subilaga, kidato cha pili, mkaidi,
nikaandika insha juu ya bibi yangu:
*My grandmother is too kind.*
Ikarudi na wino mwekundu pyu,
*too* imekatwa, *very* imepachikwa juu yake
kama kofia ya kuazima.

Bibi aliitwa Atuganile.
Kwa Kinyakyusa hiyo ni sentensi nzima: ametupenda.
Haina sana. Haina kabisa.
Aliitwa hivyo miaka sabini na kitu
na hakuna aliyeuliza, kiasi gani?

Wiki ileile fuso la viazi lilikwama chini ya kwetu.
Utingo kijana, shati moja, mtoto wa Ifakara,
hakujua kuwa nchi hii ina baridi ya kutafuna,
meno yakimgongana ka-ka-ka juu ya magunia.
Bibi akamtolea blanketi.
Si la akiba. Lile alilolalia.
"Mimi nitaota moto," akasema,
na kuni zilikuwa mbichi.
Nilizileta mwenyewe.

Nimonia haikungoja kielezi.
Watu walikuja na ndizi, na sukari, na mchele,
pole, pole sana, pole sana sana,
sana ikapita mkono kwa mkono
mpaka ikalegea kama noti ya zamani.
Mama hakusema neno. Alimenya viazi.
Akamenya debe zima, wageni wakiwa wameshashiba,
tukamwacha amenye.

Mwalimu alikuja na makoti yake mawili,
akasimama mlangoni, kofia mkononi.
Nilitaka kumwambia juu ya ile sentensi,
kwamba sikukosea,
kwamba chai imemwagika.
Nikamwambia, karibu uji, mwalimu.

Leo wino mwekundu ni wangu.
Madaftari arobaini na saba, hapa Uyole,
biro nimeipasha kwapani ndipo ikakubali kuandika.
Mtoto mmoja, Ipyana, amenieleza hivi:
*In June we are too very cold.*
Kanuni naijua. Naweza kuifundisha usingizini.
Nimeweka ncha ya biro juu ya *too*,
nimeiondoa,
nimeiweka juu ya *very*.

Nje kuna mtu anapasua kuni.
Nasikiliza mlio wake.
Hizi, nadhani, zimekauka kau.